Skrubu Mbili za Ziada

Laptopu ya mwandishi wa safu hii ilikuwa na mwendo wa mzee wa baraza: ukiiamsha asubuhi, kwanza ikohoe, ivute pumzi, ndipo ianze kukumbuka wewe ni nani. Chai ilichemka, ikanywewa, kikombe kikaoshwa, na kioo bado kinazungusha vidoti vyake.

Fundi mmoja wa Kariakoo aliitegea sikio, akatoa hukumu papo hapo. Diski ilikuwa ya kizamani. Ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachohangaika huku na huko kutafuta faili. Dawa ni SSD, ambayo haina kinachozunguka wala kinachohangaika. Data hukaa kwenye chipu, na hata kwa kupitia kiunganishi cha SATA husomeka kwa kasi ya takriban megabaiti 550 kwa sekunde.

Dawa mwandishi aliinunua. Shilingi 20,000 za "kupiga Windows" alizikataa. Mtu na shahada yake alipe pesa yote hiyo kwa kubonyezewa vitufe?

Kwanza ilitakiwa flashi isiyopungua GB 8. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya shemeji yake. Programu ya kuandaa flashi ilimwonya waziwazi kwamba kila kilichomo kitafutwa. Naye akakubali kama watu wanavyokubali masharti yote ya kompyuta, bila kusoma. Nusu saa baadaye shemeji akachungulia mlangoni.

"Shemeji, samahani, ile flashi yenye video ya kicheni pati umeiona?"

"Flashi ipo, shemeji."

Hakusema uongo.

Ikaja zamu ya bisibisi. Skrubu 11 zilipangwa kwenye kisahani, diski mpya ikakaa palepale pa ile ya zamani, maana zote ni za inchi 2.5. Mfuniko uliporudi, kisahani kilikuwa na skrubu mbili. Akaziandika ziada.

Kisha akaingia kwenye baiosi na kuiamuru mashine ianze na flashi kabla ya diski. Windows ikajinakili, asilimia zikapanda hadi 100, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikamwomba achague lugha. Lugha alikwisha kuichagua. Akachagua tena, akasubiri tena. Zikafika 100, na swali lile lile likarudi. Duru ya tatu alianza kumfikiria vibaya jirani.

Jirani hakuwa na kosa. Kila ilipowaka, mashine ilitii amri: anza na flashi. Na flashi ile haikujua kazi nyingine ila kuanza upya. Alitakiwa aichomoe mara tu mashine ilipojizima kwa mara ya kwanza.

Saa tano usiku Windows ikatokea, ila haina waifai. Draiva ya waifai ilikuwa kwenye intaneti, na intaneti haiingii bila draiva. Akachomeka simu kwa waya wa USB, akagawa bando. Hapo mashine ikapata sherehe: mtandao ukija kwa njia hiyo, Windows huuchukulia kama wa kebo, usiopimwa, kwa hiyo ikaagiza masasisho yote iliyoyakosa. Bando la mwezi likakata roho kabla ya adhana ya alfajiri.

Alichokuwa akikihofia zaidi, leseni, hakikumsumbua hata kidogo. Leseni ya kidijitali hufungamana na bodi kuu ya kompyuta, si na diski, hivyo Windows ilipopata mtandao ikajitambua yenyewe.

Sasa laptopu inawaka kwa sekunde 15, sukari haijakorogwa. Skrubu mbili bado zimo kwenye kisahani. Msomaji anayejua zinapoingia anakaribishwa nyumbani, ila asije na habari za kicheni pati.