Namna ya Kwenda Ofisi ya Mkoa Kutoka Ipole Bila Kutoa Hongo

Ukiwa Ipole, wilayani Sikonge, na una shida ya kiserikali, soma hatua hizi kabla hujapanda basi la Tabora.

1. Jua hongo ilikotoka. Enzi za misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, msafara ulipoingia himaya ya mtemi ulitoa hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Huo ulikuwa ushuru, ukijadiliwa mchana kweupe mbele ya wote. Neno limebaki, mchana umeondoka.

2. Usitishwe na jengo la mkoa. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, alilipua baruti ndani ya ngome yake, Wajerumani walipoivamia. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora. Waingereza nao wakaifanya makao makuu ya Jimbo la Magharibi, na baada ya Uhuru ikawa makao makuu ya mkoa. Watawala wamepokezana kiti. Wenye shida wamebaki sisi.

3. Jua kazi ni ya nani. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, mambo yakahamia mkoani na wilayani. Sheria za 1982 zikazirudisha. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ikaifanya sekretarieti ya mkoa kuwa mshauri na msimamizi. Kwa hiyo shida kama darasa lenye nyufa ni ya halmashauri. Shuka Sikonge, umejiokolea kilomita 70 hivi za kwenda Tabora.

4. Anzia kwa mtendaji wa kijiji. Peleka barua yako na nakala. Pedi ikiwa imekauka, mtendaji ataupulizia muhuri pumzi ya moto, ataukandamiza kwa kiganja, na nusu duara ya zambarau itatokea. Usiondoke na nusu. Omba agonge tena, aandike "imepokelewa", tarehe na sahihi kwenye nakala. Hiyo nakala ndiyo mdomo wako ofisi zote zinazofuata.

5. Ukiombwa "ya chai", omba risiti, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Akikataa, piga 113, TAKUKURU, bila malipo. Mtemi alipokea chake mbele ya msafara mzima. Anayestahili malipo leo naye apokee mbele ya benchi, aandike.