Kondoo wa Mavuno na Uji Uliolala

Ng'ombe akiibiwa, watu huenda polisi. Kondoo wa kanisa wakipotea, huitwa daktari wa mifugo. Baba Mchungaji alinieleza sababu yake kwenye simu kabla hakujapambazuka vizuri: polisi wakiingia, lazima apatikane mwizi, hata kama hayupo, na kondoo akipatikana anageuka kielelezo. Atafungwa kituoni mpaka kesi iishe, na kondoo huishi miaka kumi au kumi na miwili tu. Sikuona pa kumpinga.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa kesho yake. Kwa asiyezijua sharika za Kilutheri za huku nyanda za Njombe, siku hiyo kila nyumba huleta ilichojaliwa: mahindi, viazi, maharage, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, vyote hunadiwa nje ya kanisa. Utamu wa mnada huo ni kwamba aliyenunua anaruhusiwa kurudisha, kitu kikanadiwa upya. Nimewahi kuona jogoo mmoja akinunuliwa na kurudishwa mpaka akaliingizia kanisa fedha ya kununua ndama, na jioni bado alikuwa jogoo yuleyule mwembamba. Mwaka huo tulikuwa na kondoo watatu, nao ndio waliotegemewa kumalizia bati za vyoo vya shule ya Jumapili. Walilazwa kwenye zizi dogo nyuma ya nyumba ya mchungaji. Jumamosi alfajiri alibaki dume peke yake, na yeye kwa sababu tu alikuwa amefungwa kwenye mti kutokana na tabia yake ya kupiga watu vichwa.

Nilifika nimevaa makoti mawili. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai haimheshimu mtumishi wa umma. Nikakuta baraza la wazee limeshaketi, chai imeshamiminwa, na watuhumiwa wameshapangwa foleni bila wenyewe kujua.

"Hatumshuku mtu, Daktari," alianza mzee wa kwanza. "Ila kwaya ya vijana wana safari ya kurekodi video, na nauli hawana."

"Hatumshuku mtu," akapokea wa pili. "Ila yule kijana wa bodaboda jana usiku alipita hapa bila taa."

"Mimi pia simshuku mtu," akasema wa tatu, "ila pale njia panda nyama choma imeshuka bei tangu asubuhi." Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi yenyewe ilikuwa haijafika.

Mwingereza G. K. Chesterton alitunga hadithi za padri mpelelezi, Father Brown, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Silaha ya padri huyo ni kwamba amekaa miaka mingi akisikiliza maungamo, kwa hiyo hakuna uovu unaomshangaza. Sisi Walutheri hatuna kibanda cha maungamo. Habari za dhambi za watu tunazipata kwenye sala ya pamoja. Mwenyekiti wa kamati ya maadili akainuka, akafumba macho, akamwomba Mungu amguse kijana wetu mmoja, "Wewe unamjua, Baba, mwenye pikipiki nyekundu, akaaye ng'ambo ya daraja, nyumba ya pili kushoto." Tukaitikia amina. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyemleta mwenyekiti, na alikuwa anasubiri nauli yake.

Nikatoka nje kutazama zizi. Kamba ya lango ilikuwa chini, nikaiokota. Kisu kikikata katani, nyuzi huishia mahali pamoja. Hii ilikuwa imelowa, nyuzi zimepondeka, kila uzi na urefu wake. Kondoo hana meno ya mbele kwenye taya la juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo kitu kigumu hakikati. Hukiponda na kukivuta. Nikamuuliza mlinzi kamba aliipata wapi. Akasema ilikuwa imefungia kiroba cha chumvi ya mifugo. Kwangu mimi upelelezi ukawa umeisha. Kondoo walilamba chumvi, kulamba kukawa kutafuna, lango likaachia, wakajiendea zao.

Niliwaeleza wazee hatua kwa hatua, kamba mkononi. Walinisikiliza kwa heshima zote. Kisha mwenyekiti akasema, "Asante sana, Daktari. Sasa aliyewatuma kutafuna ni nani?"

Hapo ndipo nilipojua kazi niliyoitiwa. Kondoo walitakiwa, ndiyo, lakini mwizi alitakiwa zaidi. Kondoo aliyejiondokea mwenyewe hamnogeshei mtu chai. Hata tunaposoma Luka 15 hakuna anayeuliza yule mmoja wa mia alitokaje, sote macho yako kwa mchungaji. (Mimi wasiwasi wangu huwa kwa wale tisini na tisa walioachwa nyikani bila mtu, lakini nimeshakatazwa kuuliza hilo kwenye kipindi cha Biblia.)

Wakaanza kunipa mbinu. Mmoja alilaumu kwamba kondoo hawakuvalishwa hereni za kielektroniki, zile zilizokuja kwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, maana wangekuwa nazo tungewapigia. Nikamfafanulia kwamba hereni hubeba namba ya utambulisho, haipokei simu. Akanitazama kama ninayeficha uwezo wa serikali. Mwingine akashauri dume ahojiwe. Katika kutaka kuonekana msomi, nikawaambia kwamba hilo si la kuchekwa: mwaka 2001 watafiti wa taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge huko Uingereza, walionyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura za wenzake 50 kwa zaidi ya miaka miwili, na sura za binadamu pia huzitambua.

Kabla sijamaliza sentensi, gwaride la utambuzi lilishapangwa. Kwaya nzima ilisimamishwa mbele ya zizi, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na kijana wa bodaboda akaongezwa pembeni kwenye besi. Dume akafunguliwa. Akawapita vijana mmoja mmoja, akawatazama kwa utulivu wa jaji, akafika mwisho wa mstari, akarudi nyuma hatua chache, akanijia mimi. Mwezi uliotangulia nilimnywesha dawa ya minyoo kwa nguvu, na utafiti wa Babraham ukathibitishwa pale kwenye goti langu la kulia. Daktari maarufu wa mifugo kule Yorkshire, Alfred Wight, aliandika visa vyake akijificha nyuma ya jina la James Herriot, alilolichukua kwa golikipa wa Birmingham City. Sikuwahi kuelewa sababu mpaka nilipolala kwenye matope huku mwalimu wa kwaya akiuliza kama hilo linahesabiwa kuwa ushahidi.

Niliponyanyuka, niliacha kuwashawishi. Kondoo akitengwa na wenzake hana amani. Hulia, na wenzake wakimsikia hujibu. Nikamtia dume kamba shingoni, nikamwacha achague njia. Baraza la wazee likafuata, kwaya ikafuata, watoto wakafuata, na kila nyumba tuliyopita ilitusalimu "Kamwene!" na kuongeza mtu mmoja au wawili kwenye msafara. Mbele alikwenda dume akipaza sauti, nyuma yake mimi nikichechemea. Aliyechungulia dirishani angedhani ni maandamano ya Jumapili ya Mitende yaliyokosea mwezi na mnyama.

Tulipokaribia mashamba ya viazi, mwenyekiti wa kamati ya maadili alianza kupoteza hamu ya upelelezi. "Huku hakuna njia, Daktari," akasema. Njia ilikuwepo, tena pana. "Nadhani turudi tuombe kwanza." Dume akalia. Nyuma ya jiko la mwenyekiti mwenyewe, sauti mbili zikamjibu.

Tuliwakuta wamelala kando ya rundo la kitu cha rangi ya kahawia, wamevimba. Tumbo kubwa la kondoo liko ubavu wa kushoto, na gesi ikijaa, ukigonga pale panalia kama ngoma. Nikagonga, palilia. Katika hali hiyo daktari hawezi kutibu bila kujua mgonjwa amekula nini, kwa hiyo nikamuuliza mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa ya kitabibu, mbele ya nusu ya usharika:

"Mzee, wamekula nini hapa?"

"Uji," akasema.

"Uji wa namna gani?"

Akafikiri. "Uji uliolala."

"Umelala siku ngapi, Mzee?"

Kijana wa bodaboda alisogea karibu ili asipitwe. Aliyetuokoa ni mke wa mwenyekiti, ambaye hakuwa tayari kuona kondoo wa Mungu wakifa kwa ajili ya heshima ya mtu. "Ni machicha ya pombe ya komoni, Daktari," akasema. "Tuliwapikia vibarua wa viazi. Hebu tibu wanyama."

Nikaomba mafuta ya kula na soda ya kuokea mandazi. Nikawanywesha taratibu, nikawasimamisha, nikawakanda ubavu, nikawatembeza uani. Muda si mrefu wakaanza kubeua. Waliosimama upande wa upepo wanaweza kushuhudia kwamba ilitoka harufu kamili ya kilabu siku ya mnada wa ng'ombe. Mwalimu wa kwaya, ambaye alishasimamishwa kwaya mara moja kwa harufu pungufu ya ile, akafunga macho akavuta pumzi ndefu.

Baba Mchungaji ni mtu wa hekima. Alisema tu kwamba tumshukuru Mungu kondoo wamepatikana nyumbani kwa mtu mwaminifu, na kwamba mtu huyo bila shaka angependa kuwanunua kesho.

Jumapili, baada ya ibada, kondoo wa kwanza alipopandishwa mezani kwa mnadi, mwenyekiti alitaja bei yake ya kwanza kwa sauti ndogo. Kutoka nyuma, juu ya pikipiki nyekundu, mtu akapandisha kwa elfu tano. Mwenyekiti akapanda. Pikipiki ikapanda. Kijana hakuwa na hata nusu ya fedha aliyoitaja, kila mtu alijua, na mnadi alijua kuliko wote, lakini hakuna kanuni ya mnada wa mavuno inayomkataza ndugu kumtia moyo ndugu. Mwenyekiti akanunua. Watu wakapiga vigelegele, "Arudishe! Arudishe!" Akarudisha. Pikipiki ikaanza upya. Bati za vyoo zilipatikana, na misumari juu.

Mimi nililipwa trei ya mayai kwa matibabu. Nilikuwa naifunga kwenye pikipiki yangu pale mzee mmoja alipoichukua kwa upole, akaipeleka mezani akitangaza kwamba Daktari naye ametoa. Ilibidi niinunue, na nilipojaribu kuondoka nayo kwaya nzima ikaanza kuimba, "Arudishe!"