Vreneli Hatobolewi

Bern, Uswisi

Shangazi,

Ujumbe wako nimeupata. Nakujibu kwa barua maana kwenye simu hutaniacha nimalize. Umetaka pauni ya dhahabu ya huku, sonara wa Tanga aitoboe, uitie kwenye mkufu uvae harusini.

Ombi nimelifikisha kwa jirani wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu anayekusanya sarafu hizo. Nilipotaja kutoboa, akatafuta kiti.

Huku sarafu hizo aghalabu hazivaliwi, Shangazi, zinafichwa. Mtoto akibatizwa, msimamizi wake humpa sarafu moja. Mtoto anakua, anaota mvi, sarafu bado imo kisandukuni. Yenyewe ni ya faranga 20, iliyopigwa kati ya 1897 na 1949. Ndogo tu, gramu 6.45, na dhahabu tupu humo ni gramu 5.8. Ina sura ya binti wa milimani aliyesuka nywele, wanamwita Vreneli. Mzee alimtoa kwa glovu nyeupe za pamba, akimshika ukingoni kwa vidole viwili. Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, akaninong'oneza kwamba yeye hajashikwa hivyo tangu fungate.

Wewe unayegombeza mabinti kwa nywele zao, sikia hili. Mchongaji, Fritz Landry, kwanza alimwachia binti kishungi kikimdondokea kwenye paji la uso. Wakubwa wakaona hana haya, kishungi kikaondolewa. Lakini sarafu 12 za majaribio zilikuwa zimeshapigwa, na hizo ndizo wakusanyaji wanazililia. Waliochanwa wakachanika wako mamilioni, na bei yao haiachani sana na ya dhahabu yenyewe. Asiye na adabu ndiye ghali!

Na umri je? Zilizoandikwa 1935 zikiwa na herufi L mbele ya mwaka zilipigwa baadaye sana, kati ya 1945 na 1947. Wewe ulipopunguza miaka kwenye kitambulisho ukoo mzima ulisema. Serikali ya huku ilimwongezea binti yake miaka kumi au zaidi, na watu wananunua tu.

Basi mzee amekubali kuniuzia moja, ya wale waliochanwa. Nimemwapia kwamba sonara ataizungushia fremu tu, tundu hakuna. Akafikiri, akauliza kama harusi za kwetu watu hukaa au hucheza, maana kila ikigonga kifungo inakwaruzika.

Nimemwambia hukaa.

Kwa hiyo picha utakazonitumia, Shangazi, ziwe zile ulizokaa. Video usithubutu.

Mwanao,
wa Bern