Runinga ya Pili na Sayansi ya Kisu

Wako wanaoamini kuwa mawimbi ya runinga ni baraka: hata ukiyagawa hayapungui. Ndiyo maana runinga ya pili ikiingia chumbani, waya wa antena ya paani humenywa kwa kisu, nyuzi zikasokotwa, kisha selotepu ikabariki ndoa. Fizikia haina undugu. Hata spilita halali ya omu 75, kifaa cha kugawa mawimbi, huipa kila runinga nusu ya nguvu, kisha hujikatia ushuru. Hasara yote hufika desibeli 3.5 hivi. Msokoto wa kisu hauna hata adabu hiyo, maana sehemu ya mawimbi huyarudisha yalikotoka. Mtasema zamani picha ilionekana. Naam, kwa chenga, kwa kuwa analojia ilikuwa na huruma. Tangu Dar es Salaam izime mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, dijitali hukupa picha safi au huganda na kukunyima kabisa. Mtasema basi tutanunua kikuza mawimbi. Nunueni, ila kifungwe karibu na antena. Kikikaa sebuleni hukuza pia makelele yaliyookotwa njiani. Aliyemudu runinga mbili akashindwa na spilita moja, hapungukiwi mawimbi.