Nyuzi Mbili, Kofia Moja

Katika ufumaji wa rangi mbili, kila mzunguko hubeba nyuzi mbili kwa pamoja: mmoja hufanya kitanzi mbele, mwingine hupita nyuma ukingoja zamu. Mtindo huu ulivuma miaka ya 1920, mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza alipovaa triko la Fair Isle, kisiwa cha Shetland. Goma, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, baridi ya jioni inatosha kuwa sababu ya kujifunza. Kazi ya kwanza huwa kofia ya mtoto, na ugomvi wa kwanza ni wa nyuzi zenyewe.

UZI MWEUSI: Mbele ni pangu. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwaka 2002 ilikuwa na rangi gani? Hata kuta za mawe ni mimi.

UZI MWEUPE: Ndiyo maana hakuna anayekuona, kaka.

MAMA SINDANO: Ua haliletwi na ukubwa wa mtu. Linaletwa na weusi kukaa kando ya weupe. Anayeanza apige nyuzi picha isiyo na rangi kwa simu. Zikifanana humo, abadilishe mmoja. Nyekundu na kijani zilizokolea sawasawa zimewadanganya wengi.

UZI MWEUSI: Haya, nimeshindwa. Nitapita chini ya mwenzangu.

MAMA SINDANO: Mjanja huyu! Uzi unaopita chini kule nyuma ndio unaojitokeza zaidi mbele. Wangapi huomba kiti cha nyuma wakijua mlango uko huko? Nafasi zikipangwa, hazibadiliki mpaka kofia iishe.

UZI MWEUPE: Nami nikinyimwa zamu vitanzi saba, nitajikaza kwa hasira.

MAMA SINDANO: Jikaze, kofia ijikunje, isipite kichwani. Mfumaji atandaze vitanzi vyake kwenye sindano kwanza, ndipo akupitishe ukiwa umelegea kidogo. Vikizidi vitano, akukutanishe na mwenzio katikati, kidole cha mtoto kisije kunasa.

UZI MWEUSI: Tushikane? Na huyu?

MAMA SINDANO: Sufu hushikana yenyewe. Ninyi akriliki mnateleza, kwa hiyo ncha ziachwe ndefu, sentimita 15 hivi, zishonewe kwa ndani. Na pasi ya moto isiwaguse. Kofia ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, ilazwe ikauke.

UZI MWEUPE: Kwa hiyo baada ya kugombea mbele, mwisho wetu ni kufichwa nyuma?

MAMA SINDANO: Kila ncha nyuma ya vitanzi vya rangi yake. Geukeni.