Ivue Ruta Kitambaa

Kabla hujatoa hata shilingi mia mfukoni, nenda sebuleni uivue ruta kile kitambaa cha kufuma. Najua alikifuma shangazi, kinafanana na cha redio na cha juu ya friji, na mgeni akiingia anakisifia. Mawimbi ya waifai hayana ugomvi nacho. Pamba kavu huyapitisha bila taabu, na hiyo ni habari njema kwa nyumba za Nkololo mkoani Simiyu ambazo msimu wa mavuno chumba kimoja hujaa pamba hadi darini. Ugomvi uko kwenye joto. Ruta hupumua kwa vitundu vya ubavuni, na chini ya bati la Simiyu mwezi wa kumi joto limeshatosha. Ukiivisha inachemka, inajizima, inajiwasha tena, na nyumba nzima inaulaani mnara usio na kosa. Kitambaa kirudishe kwenye redio.

Ukishaivua, itoe kabatini. Wengi wanaifungia kwenye kabati la vioo katikati ya masufuria, nyuma ya televisheni, au mbaya zaidi chumbani kwa baba mwenye nyumba, na kufuli mlangoni. Ruta si hela ya pamba, haitunzwi kwa kufichwa. Sufuria, bati na nondo za zege huyarudisha mawimbi yalikotoka. Maji huyameza, kwa hiyo tangi lililojaa ni kizuizi kikubwa, na magunia ya mahindi yaliyopangwa ukutani nayo hupunguza kiasi kwa unyevu wake. Iweke mahali pa wazi, juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, karibu na katikati ya nyumba. Antena zisimame wima. Usizielekeze chumbani kwa watoto ukidhani mtandao unatokea nchani. Mawimbi hutokea ubavuni mwa antena na kusambaa pande zote, nchani karibu hakuna kitu.

Sasa pima. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, ufungue video. Ikikwama hapo hapo, waifai haihusiki: shida iko kati ya ruta na mnara, au bando limeisha. Ikienda vizuri hapo na kugoma jikoni uani, basi kosa ni la kuta na umbali. Naomba kila mzazi anayebana matumizi apime hivi kwanza, maana inaniuma kuona watu wanaongeza bando kuponya ugonjwa wa ukuta. Bando la GB 50 halipenyi tofali la kuchoma zaidi ya bando la GB 5.

Nyumba nyingi za vijijini hupata intaneti kwa laini ya simu iliyo ndani ya ruta, na hapo ruta inakuwa na kazi mbili zinazovutana. Kuusikia mnara, inataka dirishani. Kusema na nyumba nzima, inataka katikati. Anza na mnara. Zunguka na ruta dirisha kwa dirisha, na kila pahali iache dakika chache. Kwenye simu iliyounganishwa nayo, andika katika kivinjari zile namba zilizobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, kisha tafuta palipoandikwa RSRP. Namba hiyo ni hasi, hivyo inayokaribia sifuri ndiyo bora: hasi 85 ni nzuri sana, hasi 110 ni mateso. Kuhama dirisha la upande wa jikoni hadi la upande wa barabara kunaweza kubadilisha kila kitu, na hakuna anayekudai senti. Wenye ruta ndogo ya mfukoni wanaweza kuitundika nje chini ya upenu, kivulini, ndani ya beseni la plastiki lililopinduliwa. Plastiki huyapitisha mawimbi. Sufuria nimeshaisema.

Dirisha likishapatikana na vyumba vya nyuma vikabaki gizani, usikimbilie kununua kitu kipya. Uliza kwa ndugu wa Bariadi mjini au Mwanza nani ana ruta ya zamani inayokaa na vumbi. Iunganishe na ile ya dirishani kwa waya wa mtandao. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na mji wa kawaida, hata wenye nyumba ya vijana mbali na nyumba kubwa, hauhitaji hata nusu yake. Kwenye ruta ya zamani badilisha anwani iwe 192.168.1.2 ikiwa ile ya kwanza ni 192.168.1.1, uzime huduma inayoitwa DHCP ili zisigombanie kugawa anwani, kisha chomeka waya kwenye matundu ya LAN pande zote mbili. Jina na pasiwedi vifanane. Waya upitishe ndani ya bomba la plastiki na ulifukie, kwa sababu mbuzi wataujaribu.

Anayeamini kwamba umbali unashindwa kwa ruta ya bei kubwa amsikie Ermanno Pietrosemoli wa Venezuela. Mwaka 2007 aliunganisha milima miwili kwa waifai kwa umbali wa kilomita 382, na vifaa vyake vilikuwa ruta za kawaida za Linksys alizozibadilisha programu. Siri ilikuwa antena kubwa zinazotazamana na kimo kisicho na kizuizi katikati. Huku uani sheria ni ile ile: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo, na ukuta nao unachukua chake.

Ruta nyingi hurusha mitandao miwili. Ule wa gigahezi 5 una kasi lakini huchoka ukutani, ule wa 2.4 hufika mbali. Simu ya sebuleni iende kwenye 5, ya jikoni uani iende kwenye 2.4. Hapa Nkololo ina bahati ambayo Kariakoo haina, kwani majirani wenye ruta ni wachache na njia ziko wazi. Ukiwa senta, kwenye fremu zilizobanana, chagua kwenye ule wa 2.4 chaneli 1, 6 au 11, ile isiyotumiwa na jirani. Hizo tatu haziingiliani.

Kama ruta imelazimika kukaa ukutani upande wa barabara, nusu ya mawimbi yanawahudumia bodaboda. Chukua boksi, lifunike kwa karatasi ya aluminiamu, likunje nusu duara nyuma ya antena, tumbo likitazama ndani. Usicheke. Watafiti wa Dartmouth huko Marekani, wakiongozwa na Xia Zhou, walionyesha mwaka 2017 kwamba kiakisi cha plastiki kilichofunikwa kwa metali na kukunjwa kulingana na nyumba huimarisha waifai upande unaotaka na kuidhoofisha usikotaka.

Umeme ukikatika, ruta ikizimika, hata mnara ukiwa hai haukusaidii. Soma adapta. Ikiwa imeandikwa 12V, betri ya sola ya volti 12 inaweza kuiendesha, ila weka katikati kifaa cha kusawazisha volti, maana betri inayochajiwa hupanda hadi zaidi ya 14 na inaweza kuiunguza ruta. Betri ndogo ya 7Ah ukiitumia nusu tu, ili isife mapema, inalisha ruta ya wati 10 kwa takribani saa nne; mtoto anamaliza kazi ya shule aliyotumiwa. Na radi zikianza, chomoa adapta pamoja na ule waya mrefu wa uani. Usisubiri ipige kwanza.

Yote haya yakishindikana ndipo ununue kile kifaa cha kurudufu waifai cha kuchomeka ukutani. Jua kwamba vile vya bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Usikichomeke kwenye chumba kisichopata mtandao. Kichomeke nusu ya njia, mahali ambapo programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu bado inasoma hasi 65 hivi, kisha nenda chumba cha nyuma ukapime tena kabla hujatupa risiti.