Ndege ya Kuikimbilia Meli

Ami yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka 31. Nilipomwambia kuwa mimi na mke wangu tutapanda ndege ili tukapande meli, aliweka chini kikombe cha kahawa akanitazama kama mzigo ulioshushwa bila karatasi. "Meli zapita hapo Likoni, wewe mwenyewe wazitazama ukiwa ferini," akasema. "Leo wataka kuruka mpaka Ulaya kuitafuta meli?"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi jambo lenyewe lilinichekesha. Lakini hii haikuwa meli ya kutazamwa. Binti yetu anayeishi Uingereza alitulipia siku 7 za kuzunguka Bahari ya Mediterania, kwa kuwa tumetimiza miaka 30 ya ndoa, akatuandikia kwa ufupi: "Baba, meli juu yangu, ndege juu yenu." Nikaona yeye kamla ng'ombe mzima, mimi nimeachiwa mkia tu. Wahenga walishasema kuhusu huo mkia, sikuwasikiliza.

Barua ya meli ilisema tutaondokea Roma. Ami akacheka tena. "Roma haina bandari. Muulize baharia yeyote." Nikafungua ramani. Kumbe meli zinazojiita za Roma hung'oa nanga Civitavecchia, mji wa pwani ulio kama kilomita 80 kutoka Roma yenyewe. Ni kama mgeni aambiwe meli yake iko Mombasa, kisha akishuka uwanja wa ndege aonyeshwe njia ya Kilifi, na akifika Kilifi aambiwe bado, songa mbele.

Viza nayo ilikuwa na vituko vyake. Bahati nzuri Italia, Ufaransa na Uhispania zote hupita kwa viza moja ya Schengen. Ada euro 90 kwa kila mmoja, bima isiyopungua euro 30,000, na uthibitisho kwamba umeshika nafasi kwenye ndege. Papo hapo unashauriwa usilipe tiketi mpaka viza itoke. Wakala mmoja karibu na Mapembeni alinifumbulia fumbo hilo: alitushikia nafasi bila kuzilipia, akanitoza shilingi 1,500 kwa kila karatasi ya safari ambayo wala sikukusudia kuisafiri. Katika mkasa huu wote, ni safari hiyo peke yake iliyokwenda bila matatizo.

Viza zikatoka, ikabaki kukata tiketi za kweli. Binti akapiga simu kutoa amri mbili. Ya kwanza, tufike siku moja kabla ya meli, kwa sababu ndege ikichelewa itaondoka nyingine, lakini meli ikishaondoka utaipungia mkono. Ya pili, tukate tiketi moja kutoka Mombasa hadi Roma, kwa mfano ile ya kupitia Addis Ababa, hata kama ni ghali. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni shauri lao kukutafutia nyingine, na begi lako linajiendea lenyewe. Ukiwa na tiketi mbili za mashirika mawili, lile la pili halikujui na wala halina habari na masaibu yako.

Kulikuwa pia na njia ya tatu: kuwaachia wenye meli watukatie ndege wao wenyewe. Hao hukuhangaikia ukichelewa. Lakini bei waliyonitajia ilinifanya niangalie kama wamejumlisha na meli.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Nimefundisha miaka 28. Nikamwambia binti asiwe na wasiwasi, hesabu hizi nitazipiga mwenyewe.

Nikaingia mtandaoni. Ukurasa wa kwanza ukaniambia: viti 2 tu vimebaki kwa bei hii. Nikacheka, maana sauti hiyo naijua. Ndiyo ya wachuuzi wa soko la Kongowea, "zimebaki mbili tu mzee, nifunge?" ilhali nyuma yake gunia limejaa. Nikafanya kama nifanyavyo Kongowea. Nikafunga ukurasa nikaondoka taratibu, nikatengeneza chai, nikingoja kuitwa: "Rudi basi mzee, lete yako." Sikuitwa. Niliporudi bei ilikuwa imepanda shilingi 7,000. Nikaondoka tena, safari hii kwa hasira ili waone sina haja. Ikapanda 4,000 nyingine. Mke wangu akaniuliza nimeshanunua au bado nawatisha.

Mwishowe nikapata dawa. Tiketi za kutoka Nairobi kupitia Doha zilikuwa nafuu, na Mombasa hadi Nairobi tungepanda treni ya SGR. Nikajumlisha, nikatoa, nikapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu: tumeokoa shilingi 18,000. Amri ya pili ya binti nikawa nimeivunja, lakini ya kwanza niliiheshimu: meli inaondoka Jumatatu, sisi tunaruka usiku wa Jumamosi, Jumapili tuko Italia tumelala hotelini. Nikakata na tiketi za treni ya Jumamosi alasiri. Hotelini nikashika chumba cha Jumapili.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo la saa, kwa sababu hapo ndipo mzee mzima alipotumbukia. Barua ya meli iliandika kwamba abiria wataanza kupanda 11:00 na meli itaondoka 17:00. Ami alipoisoma alishtuka. "Mwapanda saa kumi na moja, halafu meli yaondoka saa kumi na saba? Saa hiyo naijua? Jua lake liko wapi?" Nikamfundisha kama nilivyofundisha watoto wa darasa la nne: mzungu huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza jua likichomoza, kwa hiyo toa sita. Kumi na moja toa sita ni saa tano asubuhi. Kumi na saba toa sita ni saa kumi na moja jioni. Ami akatikisa kichwa kwa heshima. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Tiketi ya ndege yetu ilisema 00:40. Sifuri huwezi kuitoa sita, kwa hiyo unaongeza: saa sita na dakika 40 usiku. Jumamosi. Saa sita na dakika 40 usiku, Jumamosi. Niliisoma hivyo kwa mke wangu, kwa ami, kwa jirani, na kwa binti kwenye simu. Tiketi yenyewe sikumtumia. Mwalimu hapeleki daftari lake likasahihishwe.

Asubuhi ya Ijumaa mamangu akaja, amevaa buibui lake la kutokea, mkononi bakuli la visheti na chupa ya achari ya ndimu.

"Mbona hamjafunga mizigo?"

"Bado, mama. Si twaondoka usiku wa Jumamosi."

"Ndiyo nakuuliza. Jua likitua leo si ndio usiku wa Jumamosi?"

Nikatabasamu. Kwa wazee wetu wa pwani siku huingia magharibi, na usiku huutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa kwao ni jioni ya Alhamisi. Ni hesabu nzuri ya dini na ya maulidi, lakini mashirika ya ndege hayaendi kwa adhana. Nikaitoa tiketi nimwonyeshe, kwa upole, jinsi dunia inavyohesabu siku hizi.

00:40. Jumamosi. Yaani dakika 40 tangu Jumamosi izaliwe. Yaani leo, baada ya Isha.

"Soma tena," mke wangu akasema kutoka jikoni. Alikuwa ameijua sura yangu bila kuniona.

Nikasoma tena. Haikubadilika.

Treni ya alasiri hiyo ilikuwa imejaa. Tiketi zetu za Jumamosi zilibaki mezani kama shahada za ujinga. Tukapata viti viwili vya ndege ya kwenda Nairobi, shilingi 13,500 kila kimoja, na sikudiriki hata kutoka nikaingia tena. Jumla 27,000. Zile 18,000 nilizookoa zikaenda, zikafuatwa na 9,000 nyingine za kuzisindikiza, na nauli ya treni juu yake. Mke wangu alifunga mabegi mawili kwa dakika 25 bila kutamka neno, na mtu aliyeoa miaka 30 anajua kimya hicho kina bei gani. Bibi wa watu alisahau viatu vya kuchezea dansi melini. Mimi nilikumbuka mashine ya kunyolea na kusahau suruali. Achari ilizuiwa kwenye ukaguzi Nairobi, kwa sababu ilizidi mililita 100 na mimi nilikuwa nimeiweka kwenye mkoba wa mkononi.

Jumamosi mchana tukashuka Italia, siku mbili kamili kabla ya meli, na chumba chetu kilikuwa cha Jumapili. Tukalipa cha Jumamosi kwa bei ya mtu asiye na pa kulala. Kutoka dirishani bahari ilionekana, na mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu Mombasa, akanena: "Yafanana na Likoni."

Simu ikalia. Mamangu.

"Mmefika?"

"Tumefika salama, mama."

"Na meli lini?"

"Jumatatu, saa kumi na moja."

Akanyamaza kidogo.

"Ya jioni au ya alfajiri?"

Nikamwambia asikate simu, nikaenda kuitafuta ile barua mkobani.